Kabla hujalipia gari dogo, uliza habari za mkanda wa taimingi

Anayenunua gari dogo la mkononi mjini Korogwe huanza kwa kulizunguka. Hutazama matairi, hugonga bodi kwa kidole kusikia kama kuna sehemu iliyopigwa plasta, hufungua milango yote minne, huwasha redio na kiyoyozi. Akifungua boneti, huchomoa kijiti cha kupimia oili, hukifuta, hukirudisha. Kisha injini huwashwa, na ikiunguruma vizuri bei huanza kujadiliwa. Handeni mambo ni hayohayo, iwe anayenunua ni mwalimu aliyekopa benki, mstaafu aliyepokea mafao au mkulima aliyeuza mahindi yake.

Katika shughuli yote hiyo, kifaa kimoja hakiulizwi. Kimejificha ubavuni mwa injini nyuma ya kava la plastiki, hakitoi moshi kikichoka, mara nyingi hakipigi kelele, na katika magari madogo ya petroli hakina taa ya kumwonya dereva. Siku kikikatika gari husimama palepale, na katika aina fulani za injini hiyo huwa safari yake ya mwisho hadi hedi ifunguliwe. Kifaa hicho ni mkanda wa taimingi.

Makala haya ni kwa ajili ya mtu anayetaka kununua gari dogo kwa fedha aliyoitafuta kwa jasho. Yana jambo moja la kumwambia: mkanda usio na ushahidi wa kubadilishwa uhesabu umekwisha, na gharama yake iingize kwenye bei kabla hujatoa hata senti.

Kazi ya mkanda

Injini ya gari ina mihimili miwili inayopaswa kwenda pamoja bila kupishana hata kidogo. Chini kuna krenkishafti, inayosukumwa na pistoni. Juu kuna kamshafti, inayofungua na kufunga valvu ili hewa na mafuta viingie na moshi utoke. Krenki ikizunguka mara mbili, kamu huzunguka mara moja. Kinachoifunga mihimili hiyo pamoja ni ama cheni ya chuma ama mkanda wa mpira wenye meno, uliosukwa ndani kwa nyuzi imara, mara nyingi za kioo. Gari la kwanza la kiwandani kutumia mkanda wa namna hii lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watengenezaji wengine waliufuata kwa sababu mkanda ni mwepesi, hauna kelele, hauhitaji oili na ni rahisi kuutengeneza.

Barabara ya lami kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65. Dereva akienda kwa wastani wa saa moja, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, krenki yake itakuwa imezunguka mara 150,000 kabla hajafika, na kamu mara 75,000. Katika mizunguko yote hiyo hakuna jino hata moja la mkanda linaloruhusiwa kuteleza. Likiteleza moja, gari hukosa nguvu na huwaka kwa shida. Yakiteleza kadhaa, au mkanda ukikatika kabisa, valvu hazijui tena zifunguke lini.

Hapo injini hugawanyika makundi mawili. Kuna zile ambazo pistoni ikiwa juu kabisa bado huacha nafasi ya kutosha, hata valvu ikiwa wazi. Mkanda ukikatika, injini huzima tu, unafungwa mkanda mpya na safari inaendelea. Na kuna zile ambazo pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa zamu. Zamu ikivurugika hugongana, valvu hupinda, na wakati mwingine pistoni yenyewe hutoboka. Mafundi husema gari limepiga valvu. Mmiliki hulipia kufungua hedi, valvu, gasketi, kazi ya mashine na siku za gari kulala gereji.

Lipi lina mkanda, lipi lina cheni

Habari njema ni kwamba si kila gari dogo lina mkanda. Kwa Toyota, ambazo ndizo nyingi barabarani kwetu, mpaka uko karibu na mwaka 1999. Vitz iliyoanza mwaka huo, IST iliyofuata mwaka 2002 na Passo ya mwaka 2004 zote zina cheni. Starlet za miaka ya 1990, yaani EP82 na EP91, zina injini ya 4E-FE yenye mkanda. Corolla za AE100 na AE110 zenye injini za petroli za 5A-FE na 4A-FE zina mkanda. Raum huwachanganya wengi: ya kwanza, EXZ10, ina injini ya 5E-FE yenye mkanda, na ile iliyotoka mwaka 2003 ina cheni. Jina ni moja, injini ni mbili tofauti, na dalali anayesema Raum zote ni za cheni anakupoteza.

Huna haja ya kumtegemea dalali. Chukua kadi ya gari usome namba ya chasi. Kwa Toyota, herufi za mwanzo hutaja ukoo wa injini. EP na EXZ huanza na E, ukoo wa injini za E, na hizo ni za mkanda. AE ni ukoo wa A, mkanda. NCP na NZE ni ukoo wa NZ, cheni. ZZE ni ukoo wa ZZ, cheni. KGC ya Passo ya sisi 1,000 ni ukoo wa KR, cheni. Kuwa makini na herufi S peke yake: SCP ya Vitz ya sisi 1,000 ni ukoo wa SZ wenye cheni, lakini SXA ya RAV4 ya kwanza na SR ya Noah ya zamani ni ukoo wa 3S, ambao ni mkanda. Ukiwa bado na shaka, fungua boneti utafute kibati cha chuma kilichopigwa mhuri. Jina la injini limeandikwa hapo, na fundi yeyote mzoefu atakuambia maana yake.

Nje ya Toyota, Mazda Demio ya kwanza iliyouzwa hadi mwaka 2002 ina mkanda, na iliyoifuata ina cheni. Honda Fit na Nissan March, magari mawili madogo ambayo wengi huyakwepa kwa hofu ya spea, yana cheni. Suzuki Carry, kirikuu tunazoziona zikibeba machungwa, mkaa na simenti, hutofautiana kwa mwaka: zenye injini ya F6A zina mkanda, zenye K6A zina cheni. Subaru Impreza na Forester za miaka ya 1990 na 2000 si magari ya kubana matumizi, lakini vijana wengi huzinunua kwa bei ya Starlet. Zina mkanda mrefu unaozungusha kamu za hedi mbili pamoja na pampu ya maji, na nyingi katika injini zao za EJ20 hupiga valvu ukikatika.

Starlet, Raum ya kwanza na Corolla za 5A na 4A kwa kawaida ziko katika kundi la upole, ambalo mkanda ukikatika injini huzima bila valvu kugongwa. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya magari haya kudumu vijijini miaka yote hii. Lakini upole wa injini haumwokoi dereva aliyezimikiwa usiku kati ya Mkata na Segera, mabasi na malori yakimpita kwa kasi ubavuni.

Kilomita na miaka

Kwa magari ya petroli aliyouza Japani, mtengenezaji kwa kawaida alielekeza mkanda ubadilishwe kila kilomita 100,000. Watu wengi wameishika namba hiyo wakasahau nusu ya pili: mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Joto la injini huukausha, vumbi husaga meno yake, na oili inayovuja kutoka kwenye sili ya kamu au ya krenki huulainisha hadi meno yakaanza kung'oka.

Wafikirie wamiliki wawili. Wa kwanza anaishi Handeni na anafanya kazi Korogwe. Kwenda na kurudi ni kilomita 130 kwa siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, anatembea kilomita 3,380, na kwa mwaka anapita kilomita 40,000. Huyu humaliza kilomita 100,000 ndani ya miaka miwili na nusu. Mmiliki wa pili ni mstaafu wa Chanika anayetumia Starlet yake kwenda sokoni, ibadani na hospitali. Pengine hafikishi hata kilomita 5,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya kilomita, mkanda wake ungemaliza miaka 20. Mpira haukai miaka 20. Wa kwanza anapaswa kuhesabu kilomita, wa pili anapaswa kuhesabu miaka.

Kwa joto na vumbi la kwetu, hasa kwa gari linaloacha lami kuingia barabara za udongo za vijijini, ni busara kuishusha namba ya kiwandani: kilomita 80,000 au miaka saba, chochote kitakachotangulia. Gari linalopanda Lushoto kila wiki kutoka Mombo, au linalobeba kupita uwezo wake, liwahishwe zaidi.

Wauzaji hupenda kuonyesha mita inayosoma kilomita 78,000 na kusema gari bado mbichi. Mita hurudishwa nyuma, na hilo linajulikana. Hata kama ni ya kweli, Starlet ya mwaka 1997 yenye kilomita 78,000 na mkanda wake wa kwanza ina mpira wa mwaka 1997.

Fungua kava uone

Ukaguzi wa mkanda hauhitaji kompyuta. Kwa Starlet au Corolla, fundi hufungua bolti chache za namba 10 zinazoshika kava la juu, upande mmoja wa injini. Kava likitoka, mkanda unaonekana ukiwa juu ya puli ya kamu. Mulika tochi. Mkanda wenye afya ni mweusi usiong'aa, maandishi ya mgongoni bado yanasomeka, na meno yake yana kona kali. Mkanda uliochoka hung'aa mgongoni kama ngozi iliyosuguliwa, una nyufa ndogo katikati ya jino na jino, pembeni umechanika nyuzi, au una unyevu wa oili. Fundi azungushe injini kwa spana, taratibu, ili mkanda wote upite mbele ya macho yenu. Kipande kinachoonekana kwanza kinaweza kuwa kizima na ufa ukawa upande wa chini.

Angalieni pia kava lenyewe. Likiwa limepasuka, limefungwa kwa waya, au bolti zake zimepungua, kuna mtu aliyepita hapo kwa haraka, na vumbi limekuwa likiingia. Oili ikiwa imeganda chini ya kava, hesabu na sili pia.

Kisha tafuta stika. Gereji nyingi za Japani zikibadilisha mkanda hubandika kikaratasi ndani ya boneti, juu ya kava au karibu na kufuli ya boneti, chenye tarehe na kilomita. Wengi hukiona na kukipuuza kwa sababu kimeandikwa Kijapani, lakini namba zinasomeka. Tatizo ni kwamba mara nyingi mwaka huandikwa kwa kalenda ya tawala za wafalme wao. Kwa enzi ya Heisei, iliyoanza mwaka 1989, ongeza 1988. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza Mei 2019, ongeza 2018. Ukikuta H22.8.15 na pembeni 98,000 km, maana yake mkanda ulibadilishwa tarehe 15 Agosti 2010, gari likiwa limetembea kilomita 98,000. Sasa tazama mita. Ikisoma 85,000, umeshajua mengi kuhusu anayekuuzia.

Stika ya namna hiyo ni ushahidi wa thamani, lakini hauondoi hesabu ya umri. Mkanda wa mwaka 2010 umezeeka, hata kama gari limetembea kidogo tangu hapo.

Muuzaji akikataa kava lisifunguliwe kwa sababu yoyote ile, achana na gari hilo. Kazi ni ya dakika chache na haiharibu kitu.

Mazungumzo ya bei

Mnunuzi asiye na ushahidi asibishane na muuzaji kama mkanda ulibadilishwa au la. Aulize bei ya kazi nzima kwa fundi wake, kisha aombe ipunguzwe kwenye bei ya gari. Kazi nzima maana yake ni mkanda wenyewe, beringi ya tensheni na springi yake, sili ya kamu na ya krenki, na ufundi. Kwa injini ambazo mkanda ndio unaozungusha pampu ya maji, kama 3S-FE ya RAV4 na EJ20 ya Subaru, ongeza pampu. Kufungua mara mbili kwa sababu pampu iliachwa ni kulipa ufundi mara mbili.

Mkikubaliana, andikeni. Hati ya mauziano isiishie kwenye majina, namba ya chasi na kiasi cha fedha. Muuzaji akidai mkanda ulibadilishwa, iandikwe tarehe, kilomita na gereji iliyofanya kazi hiyo, naye aweke saini. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imesimama juu ya msingi wa kale kwamba mnunuzi ajihadhari, ikiacha nafasi chache za kumlinda. Neno la mdomo lililosemwa chini ya mwembe ni gumu kulithibitisha. Na bima kubwa hailipi kifaa kilichochakaa chenyewe, sembuse bima ndogo ambayo humlipa mtu wa tatu tu.

Wala usidhani ukaguzi wa askari wa usalama barabarani unatosha. Askari hukagua breki, taa, matairi na usukani. Stika yao kiooni haisemi lolote kuhusu mkanda.

Kubadilisha kwa uhakika

Mkanda mzuri uliofungwa vibaya ni hatari sawa na mkanda mbovu. Nunua kwenye duka linalotoa risiti, iwe Korogwe, Tanga mjini au Kariakoo. Watengenezaji kama Mitsuboshi, Bando na Gates wana majina yao, na ndiyo maana majina hayo hughushiwa. Linganisha mkanda mpya na wa zamani: upana, umbo la jino na idadi ya meno. Usikubali mkanda uliokunjwa kwenye kasha dogo hadi ukapata alama ya mkunjo, kwa sababu nyuzi za ndani zikivunjika hazionekani kwa nje.

Wakati wa kufunga, kaa hapo. Fundi mwenye kazi yake huweka alama za krenki na kamu zikae sawa kabla hajatoa mkanda wa zamani. Huzungusha beringi ya tensheni kwa mkono, na ikikwaruza au ikilia haifungi tena. Hafungi mkanda mpya juu ya sili inayovuja. Akishamaliza, kabla ya kugusa stata, huzungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na kurudi kutazama alama. Zikiwa sawa, injini iwashwe. Zikiwa zimepishana jino moja, arudie. Fundi anayewasha kwanza na kutazama alama baadaye anabahatisha na injini yako.

Mwisho wa kazi, andika tarehe na kilomita kwa kalamu isiyofutika kwenye kikaratasi, ubandike juu ya kava kama wafanyavyo Wajapani. Siku utakapouza gari, kikaratasi hicho na risiti vitakuongezea bei.

Ukikatika njiani

Injini ikizima ghafla ukiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Usichezee breki. Kanyaga kwa uthabiti, toa gari nje ya lami, weka pembetatu za tahadhari mbali nyuma yako. Ukijaribu kuwasha na stata ikazunguka kwa wepesi na kasi isiyo ya kawaida, bila injini kushika, dhania mkanda. Usiendelee kupiga stata, usikubali vijana walisukume liwake, kwa sababu kila mzunguko unaweza kuongeza valvu nyingine iliyopinda. Tafuta gari la kuvuta.

Wenye cheni wasijisahau

Aliyenunua Vitz au IST asidhani amemaliza. Cheni huogelea kwenye oili, na oili ndiyo uhai wake. Ukichelewesha kubadilisha oili, au ukinunua oili ya kupima kwenye chupa isiyojulikana imetoka wapi, cheni hurefuka na tensheni yake huchoka. Dalili ni mlio wa kukwaruza asubuhi unapowasha injini ikiwa baridi. Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, na cheni itakuvusha miaka mingi.

Tanzania haizuii magari ya zamani kuingia, ingawa huyatoza kodi zaidi, tofauti na Kenya isiyopokea gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo Starlet na Corolla zilizokwisha zeeka zitaendelea kununuliwa na kuuzwa Handeni na Korogwe kwa miaka mingi ijayo, na si vibaya, kwa sababu ni magari yanayobana mafuta, yenye spea kila mahali na mafundi wanaoyajua. Ubaya ni kuyanunua bila kuuliza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakapokwenda kutazama gari, nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Soma namba ya chasi, fungua kava, tafuta stika, dai maandishi. Ukikosa ushahidi, mkanda mpya ufungwe kabla ya safari ya kwanza ndefu, si baada yake.